Kitambaa cha Ishirini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bunduki. Nilipewa mkasi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1990. Nilikuwa fundi baiskeli pale Kimisagara, mtaa wa Kigali, mikono imejaa grisi na kichwa kimejaa majivuno. Nikasikia kwamba karakana ya bunduki za walinzi wa wanyama, ile yenye geti la kijani kule bondeni, inatafuta mtu anayejua chuma. Nikavaa shati langu la Ijumaa, nikaenda. Nilidhani jioni nitarudi Nyamirambo niwasimulie wenzangu habari za bunduki za kuulia nyati. Mkuu wa Karakana, ambaye sote tulimwita Shefu, alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akanisukumia mkasi na jora la marekani, kitambaa cheupe cha pamba.

"Wewe iko fundi ya baiskeli?"

"Ndiyo, Shefu."

"Baiskeli ikiharibika, mutu anashuka, anasukuma. Bunduki ikiharibika, mutu anabaki bila macho. Kata."

"Nikate vingapi?"

"Makumi mbili. Yote sawasawa, kama watoto ya tumbo moja."

Nikakata vipande ishirini, kila kimoja upana wa vidole viwili. Akavipanga mezani, akavipima kwa jicho, akavitupa vitano. Nikakata tena. Akatupa viwili. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nakata tu, na wallahi siku ile nilimchukia yule mzee. Nilipofika nyumbani nikamweleza mama, ambaye alikuwa na cherehani yake barazani akiwashonea watu wa mtaa wetu. Mama alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

"Kumbe wameajiri mshonaji! Mimi nimekuomba miaka yote hiyo unikatie vitambaa, umekataa. Serikali imekuweza."

Nyinyi vijana mnaniuliza kila siku, "Mzee Ramazani, kweli zamani ulikuwa fundi bunduki?" Ndiyo, nilikuwa. Lakini mnadhani kazi ile ilikuwa ya kufyatua. Kufyatua ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote. Sehemu kubwa ilikuwa vitambaa, na ndivyo nitakavyowasimulia.

Mtutu mpya wa bunduki ukiutazama kwa nje unang'aa kama sufuria la bibi harusi. Ndani yake mna mifereji iliyojizungusha, ndiyo inayoifanya risasi izunguke na kwenda moja kwa moja. Sasa mifereji ile ikikatwa kiwandani, chuma hubaki na meno madogo usiyoyaona kwa macho. Risasi ya kwanza ikipita, meno yale yanaikwangua shaba yake na kuing'ang'ania. Usipoitoa ile shaba, risasi ya pili inaongeza nyingine juu yake, na ya tatu hivyohivyo, mpaka mtutu unakuwa mchafu na shabaha inapotea. Kwa hiyo mtutu mpya hufunzwa. Unapiga risasi moja, unasafisha. Unangoja chuma kipoe mpaka kiganja kikubali kukishika. Unapiga nyingine, unasafisha. Shefu alitaka risasi kumi kwa mtindo huo. Kila risasi ilikuwa na vitambaa viwili, kimoja kilicholowa dawa ya shaba, inayonuka kama mkojo wa paka, na kimoja kikavu cha kufuta nyuma yake. Kumi mara mbili ni ishirini.

Siku hizi nasikia wajuzi wanasema hayo yote ni kupoteza muda, kwamba mtutu mzuri hauhitaji kufunzwa. Labda. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi ninasema tulivyofanya.

Kulikuwa na sheria. Fimbo ya kusafishia iingie kwa nyuma, upande wa komeo, pale risasi inapoingizwa, isiingie kamwe kwa mdomo wa mtutu, kwa sababu mdomo ukikwaruzwa hata kidogo risasi inatoka ikienda inakotaka yenyewe. Kitambaa kinasukumwa mpaka kitokee mbele na kuanguka ndani ya kopo tupu la maziwa. Halafu, na hapa ndipo Shefu alipokuwa tofauti na mafundi wengine wote, kila kitambaa kilichotumika kilibanwa kwenye kamba, kwa mpangilio, cha kwanza mpaka cha ishirini, kwa vibanio vya kuanikia nguo. Vile vya dawa vilikuwa na rangi. Cha kwanza kilitoka na buluu iliyokoza, kwa sababu dawa ikikutana na shaba hugeuka buluu. Kinachofuata kilipungua kidogo, na kingine kidogo tena, mpaka cha mwisho kilikuwa karibu cheupe. Shefu alitembea kando ya ile kamba polepole, mikono nyuma, akisoma.

"Hapa ulikuwa na haraka," angesema, akionyesha kitambaa cha tisa. "Chuma ilikuwa moto bado. Iko inasema."

Na kweli nilikuwa nimeharakisha. Mpaka leo sijui alijuaje.

Akifika mwisho wa kamba alisimama, akauliza neno moja, "Imetimia?" Nawe hukuruhusiwa kujibu kabla ya kuhesabu kwa kidole, moja mpaka ishirini. Ndipo unasema, "Imetimia, Shefu." Ndipo anachukua kalamu, anatia saini karatasi ya kutoa bunduki. Bila ishirini kwenye kamba, hakuna saini. Sababu yake haikuwa unadhifu tu. Kitambaa kisichokuwa kwenye kamba kinaweza kuwa ndani ya mtutu, na bunduki ikipigwa na kitambaa ndani, mtutu unavimba au unapasuka usoni mwa aliyeishika. Shefu mwenyewe ujanani alimwona mtu aliyepatwa na hayo. Alinisimulia mara moja tu na hakurudia.

Mwezi wa kumi wa mwaka ule waasi wakavuka mpaka kaskazini mashariki, vita vikaanza. Mji ukabadilika. Bariyeri, vizuizi vya askari, zikawekwa barabarani, watu wakaanza kuulizwa vitambulisho hata wakienda kununua mkate. Sisi tulikuwa tunajaribia bunduki kwenye shimo la zamani la mchanga nje ya mji, na tangu hapo ilibidi kwanza tupeleke barua kwa wakubwa wa pale, la sivyo mlio mmoja tu ungewatoa watu majumbani mbio. Kazi ikawa nzito. Lakini kwenye karakana vitambaa vilikuwa ishirini vilevile, na neno la Shefu lilikuwa lilelile. Nilijifunza. Mwaka wa pili aliniachia kufunza mtutu peke yangu, na nikaanza kutembea Nyamirambo kifua mbele.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1992 kulikuwa na mlinzi wa mbuga ya mashariki, jina lake Sipiriani. Mtu mrefu, rozari shingoni, kicheko chake unakisikia kabla hujamwona. Alikuwa ameoa binti wa mtaa wetu, Beatirisi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa hiyo akaniita shemeji na mimi nikamwita shemeji. Beatirisi alikuwa amejifungua pacha, msichana na mvulana, akawa anakaa kwa mama yake Nyamirambo mpaka watoto wapate nguvu. Kila asubuhi nikienda kazini nilipita mlangoni pao nikisikia pacha wale wakilia kwa zamu.

Kule kituoni kwa Sipiriani nyati mmoja dume alikuwa ametoka mbugani na kuingia mashambani. Alikwisha kumuua mama mmoja aliyekwenda kuchota maji. Bunduki kubwa ya kituo ilikuwa na mtutu uliochakaa, risasi haiendi inakoelekezwa, na nyati ukimjeruhi bila kumwangusha bora ungemwacha. Sipiriani akaileta Kigali, tukaivua mtutu wa zamani na kuiwekea mpya. Kazi ya kuufunza nikapewa mimi.

Siku mbili kabla ya bunduki kutoka, mama mkwe wa Shefu akafariki huko Gikondo. Akaomba ruhusa ya msiba. Aliponikabidhi funguo alinishika bega.

"Risasi kumi," akasema. "Nikirudi nitasoma kamba. Bunduki isitoke bila mimi."

"Sawa, Shefu."

Nilisema sawa. Kesho yake nikaenda shimo la mchanga na dereva wetu Selemani. Marekani ilikuwa imebaki kidogo, na kwa mama sikutaka kuomba kwa sababu alibanwa na kushona nguo za harusi. Nikajazia na vipande vya flana kutoka kwenye fulana yangu kuukuu. Flana ni nene. Shefu angeiona angeitupa kabla haijagusa meza. Risasi tisa zilikwenda vizuri. Baada ya ya kumi nikapitisha kitambaa cha dawa, nikaweka kile kikavu cha mwisho, cha flana, nikasukuma. Kikawa kizito katikati. Wakati huohuo mvua ikashuka, si ya kuomba ruhusa, na Selemani akawa anapiga honi, "Ramazani, tutazama kwenye tope hapa!" Nikavuta fimbo nyuma. Ikaja nyepesi. Nikajiambia kitambaa kimeshaanguka mbele. Nikabeba kopo, nikapaka mtutu mafuta kwa nje, nikaifunga bunduki kwenye turubai, tukakimbia. Ndani ya mtutu sikuchungulia.

Jioni Mkurugenzi wetu akapiga simu kutoka ofisi kuu ya mjini. Huyu alikuwa bwana mwenye tai nzuri, bunduki aliijua kwa picha.

"Bunduki ya mashariki iko tayari?"

"Tayari, Mkurugenzi, lakini Shefu bado..."

"Mimi sikukuuliza Shefu. Yule nyati hajui msiba. Wewe si fundi? Au nimtafute fundi mwingine?"

Ningeweza kusema, "Mkurugenzi, kamba haijasomwa." Maneno matatu tu hayo. Lakini lile neno "si fundi" lilinichoma. Nikajibu itatoka asubuhi. Na asubuhi, saa moja, Sipiriani na Selemani wakiwa wanangoja kwenye pikapu, nikachukua karatasi na kutia saini ya Shefu. Si yangu, ya Shefu. Nilikuwa nimeiona mara mia, nikaiiga mpaka na mkia wake. Sipiriani akanipungia mkono dirishani.

"Shemeji! Nikifika tu napiga risasi moja mbele ya kituo, nyati asikie kwamba nimerudi!"

Nikacheka. Nilicheka, jamani.

Saa tatu hivi nikaona ni vyema niandae kamba ili Shefu akirudi akute kazi safi. Nikamwaga kopo mezani, vimelowa na mvua, nikaanza kuvibana. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Kibanio cha ishirini kikabaki mkononi. Nikahesabu tena. Nikahesabu mara ya tatu nikivigusa kimoja kimoja. Nikapindua kopo, nikakung'uta turubai, nikageuza mifuko ya suruali. Flana nilikuwa nimekata vipande vinne, na kwenye kamba vilikuwa vitatu. Nikakumbuka ile fimbo ilivyokuja nyepesi.

Lahaula! Niliona uso wa Sipiriani na ile risasi yake moja mbele ya kituo, nikasikia pacha wakilia kwa zamu. Redio ya kituo cha mashariki ilikuwa kimya tangu vita vianze, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kumwambia mtu neno. Nikatoka mbio, nikachukua pikipiki ya tarishi bila kumwomba, akabaki ananifokea getini. Nilipanda mji mzima bila kofia, nikateremka, nikapanda tena mpaka Remera. Kwenye kituo cha mafuta karibu na uwanja wa mpira nikauliza kama wameona pikapu ya kijani ya wanyama.

"Imepita zamani sana," mmoja akajibu.

Nikakata tamaa pale. Pikapu ile ilikuwa na saa mbili mbele yangu. Hata hivyo nikaendelea, nikisoma dua zote nilizofundishwa madrasa na nyingine nikizichanganya.

Nikaikuta kwenye bariyeri, mwendo mfupi tu baada ya Remera. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando. Selemani na Sipiriani wamekaa chini, wamevuliwa viatu, vitambulisho vyao viko mezani chini ya jiwe. Nilifurahi. Mnisamehe, niliwaona wenzangu wamekaa chini kama wezi na moyo wangu ukafurahi. Halafu nikaona bunduki iko wapi.

Alikuwa nayo Sajini wa ile bariyeri. Aliishika kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi, na mkononi alikuwa na risasi moja kutoka kwenye boksi letu.

"Mnasema ni ya nyati," alikuwa akimwambia Sipiriani. "Karatasi yenu ni ya uongo, labda na bunduki ni ya uongo. Nijaribu nione kama inalia."

"Usipige!" nikapiga kelele. "Bwana Sajini, usipige!"

Kwenye bariyeri, wakati ule wa vita, mtu haji na pikipiki akipiga kelele. Bunduki tatu zikanigeukia. Nikaiachia pikipiki ikaanguka, nikainua mikono.

"Mimi ni fundi wa bunduki hiyo. Ndani yake mna kitambaa. Ukipiga itakupasukia usoni."

Sajini akanitazama, akaitazama bunduki. Akafungua komeo, akauelekeza mtutu juu, akaweka jicho nyuma. Mtutu mzima ukiuchungulia unaona mbingu, duara dogo jeupe. Yeye akachungulia muda mrefu.

"Sioni kitu," akasema polepole. "Giza."

Akairudisha ile risasi kwenye boksi kwa vidole viwili. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Mimi nikakaa chini palepale. Sipiriani alikuwa akinitazama tu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na kicheko.

Lakini yalikuwa bado. Sajini akachukua karatasi. "Mimi Mkuu wa Karakana yenu namjua. Bunduki zake zimepita hapa mwaka mzima, saini yake naijua. Hii siyo. Ndiyo maana hawa nimewakalisha. Siku hizi bunduki inayokwenda mashariki na saini ya uongo, unajua mtu anaitwa nani?"

Nilijua. Kila mtu Kigali alijua: kibaraka wa waasi. Waliokuwa wameitwa jina hilo walikuwa magerezani, na wengine hawakufika hata gerezani. Nikaona kwamba kwa siku moja nimemtafutia Sipiriani vifo viwili.

"Nimetia mimi," nikasema. "Hawa hawajui. Dereva hajui, mlinzi hajui. Ni mimi peke yangu."

Akanizaba kofi moja lililoniziba sikio. Kisha akaniruhusu, na askari nyuma yangu, nirudi Remera kupiga simu. Mkurugenzi aliposikia neno bariyeri sauti yake ikapungua, akatuma gari Gikondo kumfuata Shefu msibani.

Shefu alifika baada ya saa mbili, na suti nyeusi, na udongo mwekundu wa kaburini kwenye viatu. Hakunisalimu. Alimsalimu Sajini, akatia saini yake mbele yake juu ya karatasi nyingine, zikalinganishwa.

"Huyu kijana ameiba jina lako," Sajini akasema. "Nimfanye nini?"

"Kosa yake ni kubwa," Shefu akajibu. "Lakini mimi nilimuachia funguo. Kosa iko ya watu wawili. Na yeye amekuja. Mwenye kukimbia angeenda upande ingine."

Akaomba fimbo, ilikuwa ndani ya pikapu. Akaiingiza kwa nyuma, taratibu, kama ilivyo sheria, akasukuma kwa kiganja. Kitambaa cha flana kikatokea mdomoni mwa mtutu, kikaanguka. Akakiokota mavumbini, akakiweka mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Makumi mbili," akasema. Ndipo machozi yakanitoka, mtu mzima, mbele ya askari.

Sajini aliturudishia vitambulisho. Nadhani alikuwa anafikiria uso wake mwenyewe, kwa sababu alimpa Sipiriani viatu kwa mkono wake. Bunduki ikarudi karakana, Shefu akasoma kamba, na keshokutwa yake ikatoka kwa saini halali. Baada ya wiki moja tukapata habari kwamba yule nyati ameangushwa kwa risasi moja na wanawake wanachota maji.

Lakini siku ileile ya bariyeri nilikuwa nikingoja kufukuzwa. Shefu hakunifukuza. Adhabu yake ilikuwa mbaya zaidi.

"Nenda kwa muke ya Sipiriani," akasema. "Umwambie yote wewe mwenyewe. Usingoje asikie sokoni."

Nilikwenda jioni hiyohiyo. Beatirisi alikuwa uani ananyonyesha. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, flana, mvua, saini. Hakupiga kelele. Alimtoa mmoja kifuani, yule msichana, akanipa.

"Mpakate."

Nikampakata.

"Mzito?"

"Mzito, shemeji."

"Basi sasa unajua unachobeba ukienda kazini. Keti unywe chai."

Ile chai niliinywa, na sijanywa chai tamu kama ile. Kuanzia siku hiyo Sipiriani aliacha kuniita shemeji. Aliniita Ishirini. Mtaa mzima ukalidaka jina.

Niliacha kazi ile mwaka 1993. Walianza kutuletea bunduki ambazo hazikuwa za nyati wala za walinzi wa mbuga, na Shefu akaniambia, akitazama dirishani, "Ramazani, mama yako bado iko na cherehani?" Nilimwelewa. Nikaenda. Yeye alibaki, na mwaka uliofuata alikufa pamoja na wengi. Ya 1994 sitayasimulia hapa. Walioyaona hawahitaji kusimuliwa na mimi, na nikianza sitajua pa kumalizia. Nitasema tu kwamba mimi na mama tulitoka mji huu na tukarudi, na tuliporudi kila mtu alikuwa anahesabu watu wake, na karibu hakuna aliyekuwa akifika kwenye hesabu yake. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa tupu, mlango hakuna.

Nikawa fundi cherehani. Nikapata kibanda kidogo Kimisagara, si mbali na pale nilipokuwa natengeneza baiskeli. Mwisho wa mwaka ule, asubuhi moja, nimeinama juu ya cherehani, nikasikia mtu barabarani anaita, "Ishirini! We Ishirini!"

Sikuinua kichwa mara moja. Niliogopa kuinua.

Alikuwa Sipiriani. Amekonda, rozari ileile, na nyuma yake watu wamesimama na mabegi, wametoka kwenye basi muda huohuo. Nikataka kumkumbatia akanizuia kwa kiganja.

"Kwanza hesabu," akasema.

Nikahesabu kwa kidole, kama nilivyofundishwa. Sipiriani. Beatirisi. Mama yake Beatirisi, anaegemea fimbo. Pacha wa kiume. Pacha wa kike, yule niliyempakata, sasa anasimama kwa miguu yake na kidole mdomoni. Nikarudia tena, nikiwagusa kichwani mmoja mmoja, maana sikuamini.

"Imetimia?" akauliza Sipiriani.

Niliitikia kwa kichwa, na tukakumbatiana pale barabarani mpaka watu wakatuzunguka kutuangalia.

Nimestaafu mwaka juzi, macho yamekataa kutunga uzi. Wapo wanaoniuliza kama najivunia kazi ya bunduki. Nilifunza mitutu mingi na kwa mingi sijui ilikokwenda, na hilo linaniamsha usiku mara nyingine. Lakini ipo risasi moja ambayo haikupigwa, na hiyo naijua ilikokwenda. Ilirudi kwenye boksi. Kile kitambaa cha flana ninacho ndani ya mkebe wa sindano, na mkitaka nitawaonyesha, lakini mkirudishe.

Sipiriani yuko hai. Kila Jumapili akitoka kanisani anapita kwangu na mkongojo wake, na siku hizi anakuja na yule pacha wa kike, ambaye ana watoto wake mwenyewe. Hapigi hodi. Anasimama mlangoni, anauliza neno lilelile la Shefu. Mimi nainuka, nawahesabu kwa kidole wote waliokuja naye, hata yule mchanga aliye mgongoni, na sijibu mpaka nimalize.

"Imetimia," ninasema, na wanaingia ndani.